Sauti ya Mama Niliyoisafisha

Chumba changu cha kurekodia kipo Gombani, uani kwangu, kuta nimezipigilia magodoro ya zamani. Vikundi vya kasida huja na madufu yao, nami hukaa mbele ya kompyuta nikajitia fundi. Niseme mapema: ujuzi ninao kidogo, majivuno tele.

Dada yangu kaolewa Maskati, miaka saba hajarudi. Aliniomba kitu kimoja tu: nimrekodi mama akizungumza, ili watoto wake waijue sauti ya bibi yao. Ya simu hakuitaka, maana mama akishika simu hupiga kelele kama anamwita mtu wa konde ya pili.

Mama akaja kutoka Ole, kajifukiza udi, kavaa kanga mpya. Nikamweka mbele ya maikrofoni, nikaiunga na kile kikasha kinachoingiza sauti kwenye kompyuta. Akaanza. Nusu saa nzima, Kipemba kitupu: karafuu za mwaka huno, mbuzi aliyekula mkeka wa jirani. Akacheka mpaka akakohoa. Mwisho akawaimbia wajukuu wimbo aliotubembelezea sisi.

Nami nikaona haya. Ndiyo, haya, kwa mama yangu mzazi! Nilisoma Unguja, na kule kila nikifungua mdomo nilichekwa kwa Kipemba changu, mpaka nikajifunza kukificha. Nikawafikiria shemeji na wageni wake wakisikiliza.

"Mama, hebu turudie," nikamwambia. "Sema Kiswahili cha redio, polepole, na usicheke."

Akaniangalia. "Kwani hivi havifahamiki, baba?"

"Vinafahamika, lakini dada atafurahi zaidi." Mwongo mkubwa mimi.

Akarudia, maskini, kama mtu anayesoma tangazo la kifo. Nikaketi na programu yangu nikakata pumzi zake, kikohozi, mlio wa bangili. Wimbo aliusahau na sikumkumbusha. Rekodi ya kwanza nikaifuta kabisa, ati inanijazia kompyuta.

Ile ya pili nikamtumia dada, akapiga simu siku ile ile. "Kaka, huyu nani? Mama yuko wapi humu?"

Nikamfokea kwamba kazi za kitaalamu hazijui.

Mwezi haukuisha, mama akapata kiharusi. Ulimi ukawa mzito, akisema halifahamiki hata neno moja. Tukamleta kwangu tumuuguze. Siku dada alipopiga nilikuwa nimekaa kitandani kwa mama, nikaweka spika ili amsikie mwanawe. Dada alikuwa analia.

"Kaka, lazima alisema mengine kabla ya yale. Mimi nakujua wewe. Nitumie hata kipande, hata kama anakohoa."

Ningeweza kusema kweli. Astaghfirullah, ilikuwa sentensi moja tu. Badala yake nikasema umeme ulikatika, uliporudi ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikaungua na kila kilichokuwamo. Uongo ukanitoka laini kabisa. Dada akasema, "Pole, kaka."

Mama aliyasikia yote. Akanyanyua mkono wake mmoja uliobaki mzima, akanishika bega, akawa ananipapasa, machozi yanamlengalenga. Alidhani nimeunguliwa na vyombo vyangu vya kazi. Nikainamisha kichwa, nikamwacha anipe pole.