Saa ya Zulu, Saa ya Chai

Ukutani mwa ofisi ya uwanja wa ndege wa Bellonval zimening'inia saa za duara, mbili. Moja inafuata saa zetu za Ufaransa. Nyingine inafuata saa ya Zulu, ile waliyokubaliana marubani wa dunia nzima, isiyosogezwa mbele kiangazi wala kurudishwa nyuma baridi ikija. Chini ya saa hizo Odile Wacquez, karani wetu, ameketi miaka ishirini na mitatu. Ungemuuliza ni kitu gani kilichomchosha zaidi maishani, asingemtaja mume aliyemkimbia wala magoti yake yanayovimba. Angekuonyesha ukuta kwa kidevu.

Uwanja wenyewe ni nyasi tu, katikati ya mashamba ya ngano, na upande wa pili wa ngano ni makaburi na kanisa letu. Ndege ndogo ikitaka kuja kwetu kutoka Uingereza, rubani hutuma fomu siku moja kabla: majina, pasipoti, saa ya kutua. Odile huipeleka kwa maafisa wa forodha walioko bandarini, kilomita arobaini, nao huja na gari lao kugonga mihuri na kuuliza umebeba nini. Zamani, kabla Waingereza hawajajitoa kwenye Umoja wa Ulaya, walikuwa wakitazama sura na kupunga mkono. Sasa ni karatasi juu ya karatasi, na mpaka maafisa wafike, aliyetua hana ruhusa ya kukanyaga hata jani moja.

Majira ya baridi yaliyopita rubani mmoja alibanwa na mkojo, akakimbilia choo kabla maafisa hawajatokea. Ikaja barua ya onyo. Odile aliibandika chini ya zile saa mbili: jambo hilo likirudiwa, Bellonval haitapokea tena ndege kutoka nje.

Ruhusa ya kupokea ndege za nje tulitafutiwa na Firmin Delahousse, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mwenyekiti wa klabu yetu ya ndege. Aliandika barua kumi na moja. Alipoipata, alinunua rangi ya manjano na kuchora mwenyewe mraba wa kuegesha ndege zinazosubiri ukaguzi, akipiga magoti siku nzima na uzi wa kupimia, kwa sababu hakutaka mistari yake ichekwe na watu wa forodha.

Aliitaka ruhusa hiyo kwa ajili ya mtu mmoja hasa, ingawa hakuwahi kusema. Mervyn Tapsell alikuwa fundi bomba kutoka Kent, na kwa miaka thelathini alikuwa akivuka bahari kwa ndege yake ndogo kila mwezi wa kiangazi kuja kula chakula cha mchana na Firmin. Wawili hao walitaniana kama mashemeji. Mervyn alikuwa na ugonjwa mmoja usiotibika: kwenye fomu, mahali palipoandikwa saa ya Zulu, aliandika saa ya jikoni kwake. Kila kiangazi, kila safari. Basi jioni ya kuamkia safari Firmin alimpigia simu na kumuuliza swali moja tu, bila hata salamu: "Zulu au chai?" Mervyn alinung'unika, akahesabu kwa vidole, akasahihisha.

Mwezi wa sita Firmin alikufa bustanini kwake, mkono mmoja ukiwa bado umeshika mkasi wa maua. Mazishi yakapangwa Alhamisi, saa tano na nusu asubuhi. Mervyn alituma fomu Jumatano. Siku hiyo Odile alikuwa akijibu simu za watoto wa marehemu, akiagiza maua, akipiga pasi bendera ya klabu. Aliifungua fomu, akaona tarakimu, akaipeleka bandarini. Hakuna aliyempigia Mervyn simu.

Alhamisi, saa tano kamili kwa saa zetu, Odile alikuwa amevaa gauni jeusi na funguo za gari zikiwa mkononi, tayari kumchukua Mervyn hadi kanisani. Redio ikakoroma. Ilikuwa sauti yake, inaomba kutua. Odile akatazama nje, hakuona gari la forodha. Akaitazama fomu. Saa nne, Zulu. Kiangazi Waingereza wako saa moja mbele ya Zulu na sisi tuko mbili. Saa nne ya Zulu ni saa sita mchana kwetu. Mzee alikuwa ameandika saa ya chai, na saa nne ya kwao ni saa tano yetu.

Alipiga simu bandarini wakati ndege ikigusa nyasi. Afisa Noémie Caudron, mama mwenye sauti ya mtu asiyelala vizuri, alimwambia kwamba wamefungua lori la maua na hawawezi kuliacha wazi, watafika saa sita kama fomu inavyosema. Akaongeza kwa upole kwamba rubani asishuke, Odile anaijua ile barua.

Mervyn aliegesha katikati ya mraba wa manjano, sawasawa, kama alivyofundishwa. Alikuwa na tai nyeusi na koti lililombana. Odile alimweleza akiwa amesimama kando ya bawa. Mzee alisema kwamba watu wote wako kanisani, hakuna jicho hapa ila la kunguru, na akatoa mguu mmoja nje.

"Rudisha mguu, mzee wangu," Odile alisema.

"Nimemjua miaka thelathini, Odile. Nipeleke, nimwone akishushwa, nirudi nikae humu kama mtoto aliyeadhibiwa. Nani atajua?"

Odile alizitazama funguo. Baadaye alituambia kwamba wakati ule alichoka kuliko siku zote alizowahi kuchoka, na kwamba kumpeleka lingekuwa jambo jepesi.

"Barua kumi na moja," alisema. "Ukishuka na ikajulikana, watatufungia. Na tarehe ya kufungwa itakuwa hii ya mazishi yake. Nitaiandika mimi kwenye daftari, kwa mkono wangu."

Mervyn akaurudisha mguu. Alifanya hivyo polepole, akiuinua kwa mikono miwili kama mzigo wa mtu mwingine.

Alimwambia Odile aende yeye, asikose kwa ajili ya mzee mjinga. Ilikuwa saa tano na dakika kumi na tano, kanisa liko dakika tano kwa gari. Odile alitembea hadi garini, akafungua mlango, akauweka mkoba wake kitini, akasimama. Halafu akaufunga mlango na kurudi.

"Fomu niliipitisha mimi," alisema. "Niliiona ile nne, nikaipitisha."

"Mimi ndiye niliyeiandika."

"Basi tumegawana."

Kengele zilianza. Upepo ulizileta juu ya ngano, nyingine zikafika, nyingine zikapotea njiani. Mervyn alivua kofia. Baada ya muda alinyoosha mkono nyuma ya kiti na kutoa kifurushi cha karatasi: pai ya nyama ya nguruwe, ile aliyokuwa akimletea Firmin miaka yote. Alisema aliinunua bila kufikiri, kama mtu anavyovaa soksi. Nyama ya kwao hairuhusiwi kuingia kwetu siku hizi. Noémie angeitupa kwenye mfuko wake wa plastiki, kisha angeandika ripoti.

Odile alinyoosha mkono. Mervyn akaivuta pai.

"Ukiipokea huko chini umeiingiza Ufaransa. Panda."

"Na nikipanda?"

"Humu bado hatujafika popote."

Alipanda kwa viatu vya mazishi, akishika kila alichoweza kushika, magoti yakilalamika. Walikaa bega kwa bega kwenye viti vile vyembamba. Mervyn aliikata pai kwa kisu cha mfukoni, vipande vitatu, kwa mazoea ya kula na Firmin. Wakatazamana, na kile cha tatu akakigawa katikati. Waliila hadi kengele ziliponyamaza. Mervyn alisema Firmin daima alilalamika kwamba ina chumvi. Odile akasema ni kweli, ina chumvi, na hapo ndipo alipolia, akiendelea kutafuna.

Gari la forodha liliingia saa sita kasoro dakika mbili. Noémie alipiga muhuri pasipoti juu ya bawa, akauliza kama ana nyama, maziwa, au kitu chochote kilichotokana navyo.

"Nilikuwa navyo," Mervyn alisema.

Noémie aliyatazama makombo kwenye tai yake, kisha yaliyokuwa kwenye gauni jeusi la Odile, kisha akasikiliza upande wa kanisa ambako kulikuwa kimya. Akafunga kalamu yake. Hakuandika kitu.

Ibada ilikuwa fupi, kama Firmin alivyotaka, nao walifika makaburini tulipokuwa tumeshatawanyika. Wachimbaji wawili walikuwa wakisawazisha udongo; waliegemea majembe yao, wakawaachia nafasi. Mervyn alisimama pale muda mrefu, kofia mkononi, na hatukusikia alichosema.

Alitaka kurudi kwao siku hiyohiyo. Kurudi nako kuna fomu yake, inayotakiwa upande wa Uingereza kabla ndege haijaondoka. Odile aliketi chini ya saa zake mbili, akavua viatu, akaandika jina, pasipoti, namba ya ndege. Akauliza saa ya kutua. Kumi, Mervyn alisema, akiwa amefumba macho kwenye kiti cha wageni.

Kalamu ya Odile ilisimama. Hakuwa amewahi kuliuliza swali lile, halikuwa lake.

"Zulu au chai?"

Mzee alifumbua macho. Alikunja vidole, akavihesabu, akapotea, akaanza upya.

"Chai," alisema.

Odile akapunguza moja, akaandika tisa.