Misaiprasi na Beleshi Lililobaki Garini

Siku yangu ya kwanza katika kampuni ya bustani kule Al Quoz, Msimamizi alinikabidhi kisu kidogo, karatasi nyeupe na beleshi. Alikuwa mzee wa Unguja aliyekaa Dubai miaka mingi kuliko kwao. Akanipeleka nyuma ya ghala, kwenye msaiprasi uliokuwa ukikauka. Mimi ni mtu wa Lushoto, nimekulia kando ya mashamba ya misaiprasi na misonobari. Nikautupia jicho mara moja, nikasema una kiu.

“Hebu taratibu,” akasema. “Wewe daktari au mpiga ramli?”

Akanifundisha. Majani ya ndani, karibu na shina, yakigeuka kahawia, huo ni uzee tu. Yakikauka upande mmoja, tafuta ukuta wa vioo unaorudisha jua. Karatasi ni ya kukung’utia tawi; vumbi likianza kutembea, huo ni utitiri, wadudu wanaofyonza majani. Kisu ni cha kukwangua gome, na ukiona kijani chini yake, tawi bado lina uhai. Ukavu ukianzia nchani, shika beleshi, maana mti wenye kiu na mti uliozama majini hufanana. Mizizi iliyooza hainywi.

“Usitie sahihi kwenye ripoti kabla hujachimba,” alisema, na alilirudia hilo mpaka likanichosha.

Alipostaafu, nikafanywa mkaguzi wa miti. Nilipewa gari na fulana yenye kola, na kichwa kikanivimba.

Madam mmoja wa Jumeirah Village Circle alikuwa na safu ya misaiprasi ukutani. Ikaanza kukauka nchani, akampigia simu Mhandisi, mkubwa wetu, naye akataka jibu kabla ya adhuhuri. Ilikuwa Agosti. Nilikwangua, nikakung’uta, sikuona utitiri. Beleshi lilikuwa garini, hatua chache tu, na jua lilikuwa kali.

Mwagiliaji wa pale alikuwa Wanjala, Mkenya wa Bungoma, baba wa watoto watatu. Alikuwa na tabia ya kuandika kwa kalamu kwenye kiganja saa aliyofungua maji.

“Mzee, mimi hufungua maji kila asubuhi, saa zilezile mlinipea,” akasema, akanionyesha kiganja. “Si uchimbe tu uone?”

Nilikasirika kufundishwa kazi na mwagiliaji. Nikaandika kwamba miti ina kiu na mwagiliaji amezembea, nikatia sahihi. Wiki ile ile viza yake ikafutwa. Alipokuja kuniaga alinipa mkono kwa heshima, na kiganja kilikuwa kitupu.

Miti ilipokufa yote, nilitumwa kusimamia ung’oaji. Beleshi la kwanza lilitoa tope jeusi lenye uvundo. Mizizi ilichubuka mkononi kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Chini yake kulikuwa na tabaka la saruji walilolisahau wajenzi, na maji ya Wanjala ya kila asubuhi hayakuwa na pa kwenda. Msaiprasi una tabia hiyo: mizizi hufa, na majani hubaki kijani miezi kadhaa kabla ya kukauka.

Nilikwenda kwa Mhandisi nikamweleza.

“Khalas, yamekwisha, mzee,” akasema bila kuinua uso. “Madam amepata miti mipya. Unataka nini tena?”

Ningeweza kusema nataka Wanjala arudishwe. Nilisema, “Hakuna, sir,” nikatoka. Niliogopa kufutiwa viza yangu.

Sasa nimestaafu, nipo Bur Dubai kwa binti yangu nikikamilisha karatasi za kurudi nyumbani. Vijana wa kampuni hunipigia kuniuliza habari za miti, nami huwajibu wachimbe kwanza. Hawajui kwa nini sauti yangu hubadilika. Nina aibu, na haijapungua.

Mwezi uliopita niliipata namba ya Wanjala kwa Wakenya wenzake, nikampigia. Alinitambua kwa sauti, akaniamkia, akauliza afya yangu. Sasa anafundisha watu kupanda miche, alisema, ila ilimchukua muda, maana kwao walikwisha kusikia alifukuzwa kwa uvivu. Nikaanza kuzungusha maneno. Akanikatiza kwa upole.

“Mzee, ulikuja kuchimba?”

“Nilichimba.”

“Lini?”

“Mwezi mmoja baada ya wewe kuondoka.”

Nilisikia watoto wakicheza upande wake.

“Kwa hivyo umejua miaka hii yote,” akasema, akakata simu.