Nani Amsainie Mtoto Huyu

Wiki iliyopita nilimpeleka mwanangu hospitali kutolewa nyama za puani. Nesi akanisogezea karatasi ya ridhaa, lakini kabla sijashika kalamu akauliza, "Baba wa mtoto yuko wapi?" Nikamjibu, "Kwani baba ndiye mwenye pua?" Nikasaini kwa nguvu mpaka karatasi ikataka kuchanika. Nesi akanuna. Basi anune. Hajui nilikuwa nagombana na nani, ila wewe ndugu yangu keti, nikueleze.

Nimekulia Nyakato, kwa bibi mzaa mama. Mama alifariki sijaanza kutembea. Ilikuwa miaka ile viwanda vya samaki vinachipuka kama uyoga: minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, kichwa na mifupa yenye vinyama vya kukwangua. Bibi alikuwa anayauza. Kukipambazuka nilipanga foleni na beseni kwenye geti la kiwanda, king'ora cha zamu kinalia mpaka meno yanauma. Tukirudi tunaosha, tunaanika kwenye kichanja, tunakaanga kwenye karai. Sare yangu ya shule ilinuka mafuta hata ikifuliwa kwa sabuni ya mche. Jioni tulikula ugali wa muhogo, na kama siku ilikuwa nzuri, bibi ananichemshia michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na karanga. Utamu wa michembe ile sijaupata tena popote.

Lakini nilikuwa na makengeza. Jicho la kushoto lilikuwa linatazama pua. Kwenye mchezo wa rede hakuna aliyenitaka upande wake, maana mpira nauona pembeni kwangu, kumbe uko mgongoni. Nikawa nacheza peke yangu nyuma ya choo, narusha mpira ukutani, naukosa, naufuata. Bibi alikuwa akisema, "Jicho linalotazama ndani halipotei njia ya nyumbani." Maneno mazuri. Ila hayakunipa mtu wa kucheza naye.

Nikiwa darasa la nne, wakaja madaktari wa macho wageni. Mwalimu alitupanga mstarini, wakatumulika, mimi nikachaguliwa. Upasuaji mdogo tu, na jicho linanyooka. Nilipewa karatasi ya mzazi kusaini. Nilikimbia nyumbani nimeikumbatia.

Bibi alivaa khanga yake ya kanisani, tukaenda pamoja hospitali walikokuwa madaktari. Dole gumba lake lilishapakwa wino pale nesi alipomzuia. "Shikamoo bibi. Samahani, wewe si mzazi. Mama hayupo, sawa. Baba je, naye amekufa?"

Baba hakufa. Alikuwa mwaloni, ufukweni samaki wanakoshushwa, ng'ambo ya pili ya mji, ananunua sangara kwa mzani na kuvipelekea viwanda. Kila mtu alijua.

Tuliporudi nyumbani na habari hiyo, ndipo mjomba, kaka yake mama, aliposimama katikati ya ua. Kwetu Wasukuma, kama mwanamume hakumtolea mama yako ng'ombe, wewe si wake. Ni mtoto wa kwa mama yako, mpaka siku atakapoleta ng'ombe kukukomboa. "Baba yake akisaini hapo," mjomba akasema, "kesho anakuja na karatasi ya serikali imeandikwa baba, anamchukua. Sisi tutaonyesha nini? Ng'ombe gani aliwahi kulia hapa kwa ajili ya dada yangu?" Bibi akalisugua dole gumba lake kwenye khanga, bado la bluu.

Jirani yetu, mama aliyekuwa anakata minofu kiwandani, akapaza sauti kutoka dirishani kwake: "Jamani, asaini yeyote! Jicho la mtoto linajua ng'ombe hilo?"

"Kakate samaki wako," mjomba akamjibu.

Kesho yake sikwenda shule. Nilitembea mpaka mwaloni na karatasi ndani ya sketi. Kulikuwa na barafu, matope, wachukuzi wanapiga miluzi. Mmoja akanitania, "We binti, unanitazama mimi au unamtazama huyu mwenye toroli?" Wakacheka wote. Nikamwona baba kwenye mzani. Sura yangu ile ile, isipokuwa macho.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Nikasema ni wa bibi wa mapanki, Nyakato. Akaacha kupima. Akafuta mikono, akaisoma karatasi yote. Nikafikiri imekwisha, nimepona.

"Mjomba wako anajua umekuja?"

"Hajui."

"Basi irudishe. Mwambie aje yeye mwenyewe, aseme mbele ya watu hawa kwamba wewe ni wangu. Nasaini hapa hapa, juu ya sangara." Kisha akanifungia sato kwenye gazeti. "Mpelekee bibi."

Nilirudi nimebeba samaki. Bibi alipomwona sato mzima, si mapanki, hakuuliza alikotoka. Alimpa jirani samaki huyo. Mjomba sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Kwamba nimekwenda kujiombea jicho, nikapewa kitoweo?

Madaktari waliondoka. Msichana wa darasani kwetu akarudi na pamba nyeupe jichoni, kila mtu anataka kumshika mkono, anapelekewa maji ya kunywa mpaka kwenye dawati. Mimi nilimtazama, na hata yeye hakujua kama namtazama.

Jioni moja bibi akinisuka aliniambia, "Mayu, mama yangu, niliogopa kubaki na nyumba tupu." Ni hilo tu. Mikono yake ilinuka mafuta ya samaki, nami nikalala kwenye mapaja yake kwa sababu sikuwa na mapaja mengine ya kulalia.

Sasa pale uani pana fremu za maduka. Kichanja hakipo, jirani alihama, wala sisikii mtu akiuza michembe. Bibi tulimzika, mjomba akafuata, baba naye nilisikia tu kwamba amezikwa. Walikuwa na haki ya kunisainia, kila mmoja kwa sheria yake, wakaondoka na haki zao. Mimi nimebaki na jicho langu, na hasira iliyokosa hata mlango wa kubisha. Na mbaya zaidi, ndugu yangu, nikimkumbuka bibi, hasira hainizuii kulia.