Resori za Malori ya Zamani

Baba alifua mashoka ya mafundi wanaochonga chukudu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, uani kwetu Keshero, juu ya fuawe iliyokalia jiwe la volkano. Chuma chake kilikuwa resori, springi za chini ya malori makuukuu. Alizipima kwa jicho tu: zikifika rangi ya chungwa, anaanza kupiga. Sikumbuki shoka lililowahi kurudishwa.

Kisha malori yale yakaisha, garaji zikabaki na resori mpya za bei rahisi. Moto ule ule, mkono ule ule, na mashoka yakaanza kurudi yamekatika. Baba aliokota kipande kimoja, akatazama palipovunjika. Pamejaa chembe kubwa, zinametameta kama sukari.

Mimi nilikuwa likizoni, mwanafunzi wa madini wa mwaka wa pili, kiburi tele. Vitabu vilisema chembe za chuma hukua moto ukizidi, na chembe kubwa huvunjika upesi. Nikamwambia mbele ya wateja, "Papa, moto yako inapita kipimo. Macho yako imezeeka."

Juma lile lile akampa fundi mwingine nyundo yake, akahamia kwenye kiti cha mlangoni. Pale ndipo alipozeekea, tena haraka.

Baadaye nilibeba vipande viwili hadi maabara ya chuo, cha resori ya zamani na cha mpya. Nikavichoma kwa joto moja, nikavitazama kwa hadubini. Cha zamani kilikuwa na madini ya vanadi, kidogo mno, kama chumvi kwenye sufuria ya maharage. Lakini hiyo ndiyo iliyozuia chembe zisikue motoni. Kipya hakikuwa nayo. Tena kilikuwa na mistari myeusi ya takataka zilizonaswa kilipoyeyushwa, na ufa hupenda kuanzia hapo. Baba hakuwa amekosea kitu.

Niliona aibu. Nikajiambia nitamweleza nikirudi. Nikarudi mara mbili, nikanyamaza. Nilimweleza alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani.

"Sema tena," akasema. Nikasema tena.

"Kumbe mukono yangu haikuharibika."

"Hapana, papa. Ni chuma njo ilikuwa mubaya."

Akavigeuza viganja vyake juu ya blanketi, akavitazama kwa muda. "Na weye, ulijua tangu wakati gani?"

Ningeweza kudanganya. "Mwaka moja," nikasema.

Akavirudisha viganja ndani ya blanketi, akageukia ukuta.