Nimeingia, Nimetoka

Programu ya kompyuta ya kufuatilia malori niliyopewa niirekebishe ilikuwa inakwama, na hakuna aliyejua inakwama wapi. Ilijaa funksheni, vile vipande vidogo vya programu, kila kimoja na kazi yake. Kuvipitia kimoja kimoja kwa mkono ni wazimu. Kwa hivyo niliandika kijiprogramu kivipitie chenyewe na kuchomeka mistari miwili katika kila funksheni: "nimeingia" pale mwanzo, "nimetoka" pale mwisho.

Ndivyo mama alivyotulea. Hata nyumba ikiwa tupu, ukiingia toa salaam. Mtu haingii kimya kama mwizi.

Nilipoiwasha, skrini ilijaa: nimeingia, nimetoka, nimeingia, nimetoka. Ilikuwa kelele tupu, lakini ilinipendeza, maana chumbani kwangu hapa mtaani Bulla Pesa hakuna kelele nyingine inayonihusu. Mlango naufunga kutwa kwa sababu ya vumbi. Mwishowe niliiona: funksheni moja ilisema "nimeingia", kisha ikanyamaza. Haikutoka tena. Nilipiga meza kwa furaha, nikageuka nimwambie mtu.

Mtu gani?

Nilichukua mtungi nikaenda kuteka maji kwenye mfereji wa ploti, bomba moja la wapangaji wote. Jirani wa mlango wa pili alikuwa pale akiosha sufuria, na aliponiona alishtuka.

"Kumbe uko?" aliuliza. "Sahani yako ya Idd tulipea watu wengine. Tulidhani umesafiri."