Mwosha Vyombo Aliyeficha Nyama Chini ya Jani

Saa nane mchana, na sahani zinaanza kurudi. Zinapita kwenye dirisha dogo lililo kati ya ukumbi na jiko, nne nne, tano tano, na mwanamke aliyevaa aproni ya plastiki na buti za mpira anazipokea. Hasugui kwanza. Anatazama.

"Hii ya meza ya pembeni," anasema, akiinua sahani inayong'aa kana kwamba imeshaoshwa. "Kapangusa mchuzi wote kwa mkate. Huyu karidhika." Anachukua nyingine. Nusu ya samaki imebaki, uma na kisu vimelazwa pamoja. "Huyu kashiba tu, hana ugomvi na mtu." Ya tatu anaikagua zaidi, kisha anainua jani la saladi kwa ncha ya kidole. Chini yake kuna kipande cha nyama. "Na huyu hakupenda, ila ana adabu. Mhudumu akimuuliza, atasema chakula kizuri sana."

Jikoni wanamwita Mama Sahani. Ana umri wa miaka arobaini na miwili, watoto wawili, na miaka kumi na moja mbele ya sinki hili la mgahawa wa Kifaransa. Kwa siku ya kawaida anaosha sahani zaidi ya mia tano, mbali na glasi na masufuria. Maji ya moto yamemchana ngozi ya vidole, kwa hiyo kila anapokwenda kulala huipaka mafuta mazito na kuvaa soksi mikononi. Mumewe humtania kwamba ameoa bondia.

Elimu hii ya sahani hajaisomea popote. Mgahawa una desturi yake: mabaki hayamwagwi mpaka mwosha vyombo ayakague na kumpa taarifa mpishi mkuu, ambaye hupita dirishani kujionea. Mama Sahani akisema mchuzi wa leo umebaki kwenye sahani sita, mchuzi unarekebishwa kabla meza ya saba haijahudumiwa. Hakuna anayebishana naye.

Mpishi mkuu ni rafiki yake, na hapo ndipo penye mwiba.

Wenzake wanamwita Kijiko, jina alilotoka nalo shuleni kwa wembamba wake, ingawa wembamba wenyewe ulishaaga zamani. Walikaa dawati moja. Wakaanza kazi hapa siku moja, kila mtu na sinki lake. Mwezi wao wa tatu kazini msaidizi wa mpishi akaugua, na mwenye mgahawa, mzee wa maneno machache, akachungulia mlangoni kuuliza nani anajua kukata vitunguu. Mama Sahani alikuwa na rundo la sahani mikononi.

"Nikamwambia mzee, mchukue huyu, mimi nimalizie hizi sahani," anasimulia. "Mpaka leo sijazimaliza."

Kijiko alikata vitunguu siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa. Akahamia kwenye supu, kisha kwenye nyama, na miaka mitatu iliyopita akakabidhiwa jiko zima. Leo mshahara wake ni mara nne ya ule wa rafiki yake. Mama Sahani hamsingizii. Anakiri kwamba Kijiko hakumnyang'anya kitu, na kwamba mtu wa kulaumiwa ni yeye mwenyewe na rundo lake la sahani. Lakini wivu hausubiri upewe sababu nzuri. Anauzungumzia waziwazi kama mtu anayetaja jino lake bovu: lipo, na kuna siku linauma kuliko nyingine. Linauma Kijiko anapoitwa ukumbini kupigiwa makofi. Linauma zaidi anaporudi na kusema, kwa nia njema kabisa, kwamba wageni wamewapongeza wote.

"Hakuna mgeni aliyewahi kupongeza sinki," anasema Mama Sahani.

Mwezi uliopita alitimiza miaka kumi na moja kazini. Kijiko akamwalika ale palepale, ukumbini, kama mgeni, pamoja na marafiki wawili waliosoma nao: fundi cherehani na mwalimu wa chekechea. Ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili jioni. Mama Sahani aliingia kwa mlango wa mbele kwa mara ya kwanza, ndani ya gauni la kijani aliloshonewa na fundi. Mhudumu ambaye kila siku humrushia vyombo dirishani alimvutia kiti na kuinama. Kitambaa cha meza kilikuwa cheupe mno, akaficha mikono mapajani.

Ikaja supu ya vitunguu yenye jibini juu. Ikaja nyama ya bata kwa mchuzi wa machungwa, na jani la saladi pembeni. Mwalimu alifumba macho kila alipotafuna. Fundi akauliza kama huyu kweli ni Kijiko yuleyule aliyekuwa akiunguza uji, wakacheka. Halafu fundi akamgeukia Mama Sahani na kumuuliza, bila ubaya wowote, kwani yeye hakutaka kupika?

"Nilijikaza kisabuni, nikacheka nao," anasema. "Bata alikuwa mtamu, na hicho ndicho kilichoniudhi. Ningepata kasoro hata moja, chumvi imezidi, chochote, ningekula kwa amani. Roho iliniuma. Nikasema, ngoja na yeye aonje."

Alichofanya baada ya hapo kingemjia kichwani mwosha vyombo peke yake. Alikula vipande viwili. Vilivyobaki akavisogeza pamoja, mchuzi akauacha kama ulivyo, akavuta jani la saladi na kuifunika nyama. Rafiki zake hawakuona kitu. Alijua atakayeona. Kijiko angepita dirishani, angeinua jani kama alivyofundishwa na yeye mwenyewe, na hakuna mtu ambaye angeweza kumshtaki kwa lolote.

"Ningemtukana mbele za watu isingemuuma hivyo," anasema.

Alisahau kujiuliza jambo moja: jioni hiyo nani alikuwa kwenye sinki?

Sahani ikaondolewa. Meza mbili zikamwita mpishi zimpongeze, naye hakutokea. Mama Sahani akaomba udhuru, akaenda jikoni kuuona uso wa mwenzake. Anakiri kwamba alikwenda kufurahi. Akamkuta amesimama kwenye sinki, ndani ya buti za mpira zinazombana, mikono imezama kwenye povu mpaka viwikoni. Mwenye mgahawa alikuwa amekataa kumpa ruhusa mwosha vyombo jioni yenye wageni, kwa hiyo Kijiko aliahidi kuosha mwenyewe kila akipata nafasi kati ya meza na meza. Hakuwa amemwambia mtu mwingine.

Juu ya rafu ilikaa ile sahani yake, haijaoshwa, jani limefunuliwa. Kando ya jiko ilikuwa sufuria nzima ya mchuzi wa machungwa, imeshushwa motoni. Kijiko alikuwa amezuia chakula cha meza nne. Alikuwa ameonja mchuzi mara tatu, hakuona kosa, lakini aliamini sahani kuliko ulimi wake.

"Mchuzi umekosa nini, mwenzangu?" aliuliza. "Niambie haraka, nataka kuumwaga."

Mama Sahani anasema angeweza kunyamaza. Mchuzi ungemwagwa, Kijiko angeaibika mbele ya meza nne, na jina lake yeye lisingetajwa popote.

"Lakini mficha uchi hazai," anasema. "Nikamwambia, haujakosa kitu. Nimekuonea wivu."

Kijiko hakupiga kelele. Alirudisha sufuria motoni, akafuta mikono, akachukua ile sahani kwenye rafu na kumkabidhi. "Basi kamalize," akasema.

Akarudi nayo mezani. Akala bata aliyepoa mbele ya marafiki waliokuwa wakitazamana, akapangusa mchuzi wote kwa mkate, akaipeleka mwenyewe dirishani. Kijiko aliitazama juu na chini, kisha akaiosha.

Hawakusemeshana siku mbili, ila kwa mambo ya kazi. Siku ya tatu Kijiko alimwambia alichokuwa amepanga kukitangaza wakati wa vitamutamu: msaidizi wake anaondoka, na alikuwa ameshamwomba mwenye mgahawa ampe Mama Sahani nafasi hiyo. Sasa hakuwa na hakika. Alifikiri mpaka jioni, akamwambia aje kesho saa mbili asubuhi, wataanza na mchuzi uleule.

"Sijamaliza kumsamehe," Kijiko anasema, akinoa kisu. "Lakini macho yake ndiyo yaliyonifikisha hapa. Wa kunisifu ninao wengi. Wa kuona ninaye mmoja."

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya sahani, Mama Sahani anasimama upande wa pili wa jiko. Mchuzi umemgawanyikia mara saba, mafuta juu, maji chini. Mwisho wa mwezi mwenye mgahawa atakula chakula alichokipika yeye, peke yake, bila kusaidiwa. Mtihani huo ukimshinda, ataletwa msaidizi mwingine kutoka nje, na yeye atabaki na sinki lake.

Na wivu? Haujaondoka. Juzi Kijiko alipigiwa makofi tena ukumbini, na lile jino bovu likauma. Tofauti ni kwamba siku hizi Kijiko akirudi jikoni humuuliza, "Leo wivu umeuma?" Naye humjibu ukweli.

Kwa ajili ya siku ya mtihani ameomba jambo moja, na amekubaliwa. Kijiko hatakuwa jikoni. Atakaa mezani na mwenye mgahawa, ale kama mgeni, na sahani zote mbili zitarudi kwa Mama Sahani azisome mwenyewe. Ya mzee anaiogopa. Anataka irudi imepanguswa kwa mkate.

Na ya Kijiko je, ikirudi na nyama chini ya jani?

Anacheka kwa mara ya kwanza mchana huu, huku mkono umeshafika dirishani kupokea rundo jingine.

"Hapo ndipo nitajua nimepika," anasema.