Fungu Langu la Vitunguu

Nikisema napiga piano, watu huniuliza: kanisani au hotelini? Kote nimepiga, mwaka wa thelathini huu, lakini kazi yangu hasa ni muziki wa ukumbini, ule wa kusomwa kwenye nota, ambao watu huusikiliza kimya wamekaa. Hapa Mbagala hakuna anayeuomba. Kwa mwaka napata tamasha moja, nikibahatika mawili, na kwa hilo moja nafanya mazoezi kila siku ya Mungu. Nimechoka. Nimechoka hata kusema nimechoka.

Mwalimu wangu wa kwanza wa piano alimwambia mama kwamba mtoto huyu asishike kisu, asikune nazi, asitwange. Mama akayashika maneno hayo kama sheria. Sasa, mtaani kwetu kukiwa na msiba kila mwanamke huja na kisu chake, anakaa mkekani, anamenya na kukata. Asiyekata husemwa, na wanaomsema wana haki, maana mtu ni watu. Basi mama akawa anakata mafungu mawili, lake na langu. Mimi niliachiwa kuchambua mchele, kazi ya watoto, na majirani wakinitania: "Mwacheni bi harusi, kaolewa na kinanda." Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Mwaka huu amefariki jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mzee fundi cherehani, siku mbili kabla ya tamasha langu. Mama naye si yule tena; baridi yabisi imempinda vidole. Hata hivyo asubuhi hiyo alikaa mkekani, akavuta sinia la vitunguu, akaanza. Kitunguu kikamponyoka. Akakiokota, kikamponyoka tena, safari hii kikabingirika hadi miguuni pa binti wa marehemu. Mfiwa mwenyewe akainama kumwokotea. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona jukwaani.

"Mama, lete kisu."

"We kaa. Kesho kutwa una watu."

"Lete, mama."

Nikakitoa mkononi mwake. Wanawake wakasogea kunipa nafasi, mmoja akanionyesha namna ya kukunja vidole nisijikate. Nitasema kweli, nilifurahi. Miaka yote nimekaa mtaa ule kama mpangaji, na asubuhi ile nikajiona mwenyeji. Furaha yenyewe ilidumu vitunguu kama kumi hivi. Kisu kikateleza, kikazama kwenye ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kulia.

Mama hakupiga kelele. Alikifunga kidole kwa kipande cha kitambaa, akakikaza vizuri, kisha akanyanyuka akarudi nyumbani bila kuaga wafiwa, kitu ambacho hajawahi kukifanya. Hakunisemesha siku hiyo wala kesho yake.

Jumamosi, kwenye tamasha, nilipiga na plasta. Kidole kile kilikuwa hakigusiki, kwa hiyo nota zake nilizigawa kwa vidole vingine, na zilizonishinda nikaziruka. Ukumbi mzima ukasimama kunipigia makofi. Mwenyeji wa tamasha akanishika bega akaniambia hajawahi kusikia kitu kizuri kama kile, nami nikamshukuru, maana mtu ukishachoka hubishani na sifa. Mama alikuwa safu ya mbele. Hakusimama.

Tulipotoka nje kusubiri bajaji, ndipo akafungua kinywa.

"Umeruka ngapi?"

"Chache tu, mama."

"Kumi na saba."

Mama hajui kusoma nota hata moja. Anachokijua ni kile alichokisikia akiwa jikoni, kila siku, miaka yote hiyo.

"Nilitaka kukupumzisha," nikamwambia. "Vidole vyako vinauma."

"Nani kakwambia nimechoka?" Alinitazama kama mtu aliyeibiwa. "Mie nilipokuwa nakata vile vitunguu, nilijua hicho kinanda tunakipiga wote. Kumbe mwenzangu ulikuwa unanionea huruma."

Bajaji ikaja. Nikampa mkono apande, akausukuma taratibu pembeni, akashika chuma kwa vidole vyake vile vile vilivyopinda, akapanda mwenyewe.